Lubumbashi: «Ulitosha wapi imeli yangu?» Maneno ya kuelewa biashara inayopita mu imeli

Karavia ni karite ya Lubumbashi ambayo wengi wanaijua juu ya hoteli kubwa inayobeba jina hilo, karibu na ziwa na uwanja wa golfu. Mu hoteli hiyo njo kumefanyika mara nyingi, mu mwezi wa sita, maonyesho makubwa ya madini yanayoitwa DRC Mining Week. Kampuni za shaba na kobalti, wauzaji wa mashini, benki, watu wa usafirishaji na vijana wanaotafuta kazi wanakutana pale.

Namna ya kuingia mu maonyesho ya biashara ni ile ile karibu pote duniani. Mutu anaandikisha jina, kazi, kampuni, namba ya telefoni na imeli. Ndani, anagawa kadi zake ku kila meza. Jioni anarudi nyumbani na mufuko wa kalamu na vitabu vya bure. Kitu alichoacha nyuma hakina kilo, lakini kiko na bei: anwani yake.

Kisha siku kidogo, imeli zinaanza kuingia. Moja inatoka kwa kampuni aliyoongea nayo kweli. Ingine inatoka kwa kampuni ambayo hajasikia jina lake hata siku moja. Ya tatu inamuahidi kazi mu mine, alipe tu «pesa ya dosie». Zote tatu zinamuita kwa jina lake. Njo hapo mutu anajiuliza: «Huyu naye alitosha wapi imeli yangu?»

Ulizo hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Watu wanaouza kwa njia ya imeli wako na maneno yao ya kazi, na mutu akiyasikia mara ya kwanza anaona ni mambo ya wataalamu wa mbali. Lakini ukiyafungua moja moja, karibu yote yanazunguka jambo moja: kama mutu alikupa ruhusa ya kumuandikia, ao hapana. Muchuuzi anayeelewa hilo hatapoteza pesa yake bure. Na mupokeaji anayelielewa, haitakuwa rahisi kumudanganya.

Orodha na ruhusa

Neno la kwanza ni orodha. Ni mukusanyo wa anwani ambazo ujumbe utatumwa. Kuna orodha iliyojengwa, na kuna orodha iliyookotwa ao kununuliwa. Iliyojengwa ni kama kitabu cha mama mwenye butiki: kila muteja anayetaka kujua siku nguo mpya zinaingia anaandika jina lake na mukono wake. Iliyookotwa ni pale mutu anachukua anwani mu makaratasi ya mukutano, ku kurasa za kampuni, ao anamulipa mwengine amuuzie faili yenye maelfu ya majina. Ku telefoni, orodha hizo mbili zinafanana kabisa. Tofauti yake inaonekana siku ya kutuma.

Neno la pili ni ruhusa. Ruhusa ya kweli iko na alama tatu: mutu alijua nani anamuomba anwani, alijua itatumika juu ya nini, na alikuwa na uhuru wa kukataa. Kadi iliyotolewa ku meza moja haiko ruhusa kwa meza zote za chumba. Kisanduku kidogo ambacho mwenye fomu alikwisha kutia alama mbele muteja hajasoma, nacho hakionyeshi kwamba muteja alikubali.

Watu makini wanaomba ruhusa mara mbili. Mutu akiisha kujiandikisha, anapokea imeli ya kwanza yenye kumuomba abonyeze mahali fulani ili kuhakikisha. Bila kubonyeza, jina lake haliingii mu orodha. Hii inazuia mambo mawili ya kila siku: mutu kuandika anwani yake na makosa, na mutu kuandikisha mwenzake kwa mchezo ao kwa ubaya.

Ujumbe wa kwanza, mwaka wa 1978

Kutuma bila kuomba ruhusa hakukuanza na telefoni za leo. Tarehe 3 mwezi wa tano 1978, mu Marekani, Gary Thuerk, mutu wa kuuza kompyuta mu kampuni Digital Equipment Corporation, alituma ujumbe mumoja kwa watu karibu 400 waliokuwa ku Arpanet, mutandao uliotangulia intaneti. Anwani hakupewa na wenyewe. Zilitoka mu kitabu kilichochapishwa chenye majina ya watumiaji. Ujumbe ulikuwa unawaalika kuja kuona kompyuta mpya za kampuni, mu hoteli mbili za California. Malalamiko yalikuja mbio, na wasimamizi wa mutandao walikasirika. Lakini baadaye Thuerk mwenyewe alisema ujumbe ule ulileta mauzo ya mamilioni ya dola.

Hapo kuna ukweli ambao hatupaswi kuuficha: kutuma bila ruhusa kunaweza kuleta pesa. Njo maana haikuisha. Lakini mu 1978 ujumbe ule ulikuwa peke yake mu sanduku. Leo uko katikati ya makumi ya nyingine, na watu wamechoka. Jina wanalozipa imeli hizo, spamu, lilitoka ku nyama ya mukebe ya Marekani. Wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, walifanya mchezo mu 1970 ambamo jina la nyama hiyo linarudiliwa mpaka linafunika mazungumzo yote. Watu wa kompyuta walipoona sanduku lao linajaa vile, walikumbuka mchezo ule.

Kwa mukaaji wa Lubumbashi, Kalemie ao Bukavu kuna kitu kingine juu yake: mupokeaji njo analipa. Imeli yenye picha nzito za mega 2, ikitumwa kwa watu 1 000, inakula mega 2 000 za watu wengine wakiifungua yote. Mutumaji ametumia mega zake mara moja. Wale 1 000 wamelipa zilizobaki, bila kuulizwa.

Hesabu za kusoma bila kudanganyika

Kijana anakuja kwa muchuuzi na kumwambia: «Papa, nipe dola kidogo, nitatuma tangazo lako kwa watu elfu moja.» Ahadi hiyo inasikika vizuri. Tuone namna ya kuihesabu, na mufano wa duka la vipande vya magari mu komine ya Kampemba. Tuseme imeli 1 000 zimetumwa.

Kwanza kuna zilizorudi. Tuseme ni 50. Kuna kurudi kwa muda, kama vile sanduku la mupokeaji limejaa, na kuna kurudi kwa moja kwa moja: anwani haiko, ao haikupata kuwa. Orodha iliyonunuliwa inajulikana hapa, juu iko na anwani nyingi zilizokufa: watu walibadilisha kazi, kampuni zilifungwa.

Zimebaki zilizofika, 950. Kisha kuna zilizofunguliwa. Tuseme 190, ni kusema 20 kwa kila 100. Namba hii njo inapendwa sana, lakini njo ya kuogopa zaidi. Mutumaji anaipata kwa ujanja: anaweka ndani ya ujumbe picha ndogo isiyoonekana na macho. Picha hiyo ikiitwa kutoka kwenye mashini yake, anahesabu kwamba ujumbe umefunguliwa. Tangu mwezi wa tisa 2021, programu ya imeli ya telefoni za Apple inaweza kuziita picha hizo yenyewe, hata kama mwenye telefoni hajasoma kitu. Upande mwingine, telefoni iliyofunga picha inaweza kusoma ujumbe wote bila kuhesabiwa. Kwa hiyo 190 inaweza kuwa zaidi ao chini.

Hesabu ya inne ni waliobonyeza: 19, ni kusema 2 kwa kila 100 zilizofika. Hao walifanya kitu na kidole chao. Na ya mwisho ni walionunua. Tuseme 4. Watu wa kazi hii wako na jina la kila hatua, lakini mwenye duka alipe macho yake ku hizi mbili za mwisho. Wanunuzi 4 wa vipande vya lori wanaweza kulipa kazi yote. Wanunuzi 4 wa sabuni, hapana.

Njo maana wanaojua kazi wanagawa orodha mu makundi. Wenye lori wanapata habari ya lori, wenye teksi wanapata ya teksi. Ujumbe unaenda kwa watu kidogo, lakini kwa wale unaowahusu.

Hesabu hizi ziko na upande mwingine ambao mupokeaji anapaswa kujua. Kila namba ni mutu aliyeangaliwa. Akifungua ujumbe na picha zake, mutumaji anaweza kujua saa aliyofungua na kwamba anwani yake bado inaishi. Muchuuzi mwema anatumia hiyo kupanga kazi yake. Mwizi naye anaitumia kujua wapi arudi.

Sifa ya mutumaji

Makampuni yanayotunza sanduku za imeli, kama Google na Yahoo, yanaweka kila mutumaji alama ya tabia. Anwani zikirudi nyingi, ao wapokeaji wakibonyeza «spam», sifa inaanguka. Sifa ikianguka, hata ujumbe wa haki unaishia mu kapu la spamu, mahali watu hawaangalie.

Tangu mwezi wa pili 2024, Google inawaomba wanaotuma imeli kuanzia 5 000 kwa siku ku sanduku za Gmail kufuata sharti kali zaidi, na Yahoo imeweka sharti za namna hiyo. Lazima imeli iwe na vitambulisho vinavyohakikisha imetoka kweli kwa mwenye jina. Vinaitwa SPF, DKIM na DMARC. Lazima ujumbe wa biashara uwe na namna ya kujitosha kwa kubonyeza mara moja. Na malalamiko ya spamu yasifike 0,3 kwa 100, ni kusema watu 3 kwa kila 1 000.

Ile namba 3 inastahili kuangaliwa vizuri. Mwenye kununua orodha ya watu 10 000 wasiomujua, akikasirisha 30 tu, anaweza kufunga mulango ule ule anaotumia kuandikia wateja wake wa zamani. Hasara inapita ile pesa aliyolipa kununua faili.

Kujitosha ni haki, lakini angalia nani anakuandikia

Chini ya imeli ya biashara ya haki kuna maneno madogo. Kwa Kifaransa ni «Se désabonner» ao «Se désinscrire»: kujitosha mu orodha. Kama ni kampuni unayoijua, bonyeza pale. Ni haraka, na haina ubaya.

Kama haumujui mutumaji, usibonyeze kitu ndani ya ujumbe, hata hayo maneno ya kujitosha. Mwizi anaweza kuyaandika pia, na kubonyeza kwako kutamwambia kwamba sanduku liko na mutu. Tumia kifungo cha «spam» cha sanduku lako mwenyewe, ao futa. Kifungo hicho kiko na nguvu, kwa hiyo usikitumie kwa duka ambalo ulijiandikisha wewe mwenyewe na kusahau.

Sheria inasema nini

Mu inchi ya Kongo, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi Kode ya numerike tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ordonansi-sheria namba 23/010. Ndani yake kuna sehemu juu ya kulinda habari za mutu binafsi: jina, namba, anwani na mambo mengine yanayomutambulisha. Msingi wake ni ule ule wa ruhusa, pamoja na haki ya mutu kujua habari gani zake zinatunzwa, kuzisahihisha na kupinga zitumike.

Ku ngazi ya Afrika, mapatano ya Malabo ya Umoja wa Afrika yalikubaliwa mwezi wa sita 2014, na yalianza kutumika tarehe 8 mwezi wa sita 2023, kisha inchi 15 kuyaridhia. Yanaomba inchi zikataze kumutumia mutu matangazo ya biashara moja kwa moja kama hakutoa ruhusa mbele.

Sheria ku karatasi ni jambo moja, kuitumikisha ni jambo lingine. Mufano wa karibu uko mu inchi ya Kenya (haiko komine yetu ya Kenya). Kule sheria ya kulinda habari za watu ni ya 2019, na kuna ofisi ya kamishna inayoisimamia. Mu mwezi wa tisa 2023, ofisi hiyo ilitoza kampuni ya mikopo ya telefoni, Mulla Pride, faini ya shilingi 2 975 000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa watu wengine, na kuwatumia wenyewe ujumbe na simu za vitisho. Wale watu hawakutoa namba zao kwa kampuni. Zilitolewa na wengine. Ulizo la Karavia, «alitosha wapi namba yangu?», kule lilipata jibu lenye bei.

Pale maneno mazuri yanakuwa ndoana

Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kazi ya mine ni ndoto ya nyumba nyingi. Wezi wanajua. Ujumbe wao unaiga ule wa biashara ya haki: unakuita kwa jina, unataja kampuni kubwa, unaweka alama yake, unakupa siku mbili tu za kujibu. Kisha unaomba pesa ya dosie, ya muganga ao ya mafunzo, itumwe ku namba ya telefoni.

Hapa kujua maneno kunasaidia. Kuitwa kwa jina hakuhakikishi kitu: jina ni neno moja tu mu orodha, mashini inalitia yenyewe mahali lilipoachiwa nafasi. Alama ya kampuni ni picha, kila mutu anaweza kuinakili. Angalia kwanza sehemu inayofuata alama @, ile watu wanaita arobaze. Kampuni kubwa inayotafuta wafanyakazi inaandika kwa kawaida kutoka ku anwani yenye jina lake kisha arobaze. Kama kisha arobaze kuna gmail ao yahoo, ao jina la kampuni lenye herufi moja iliyobadilishwa, simama. Hata sehemu hiyo ikionekana sawa, usitume pesa: enda ao piga simu ku ofisi ya kampuni kwa namba uliyoitafuta wewe mwenyewe, isiwe ile iliyo ndani ya ujumbe.

Na kwa muchuuzi mudogo?

Muchuuzi wa Katuba ao Ruashi atasema: «Miye siko na imeli elfu moja. Biashara yangu iko ku WhatsApp.» Ni kweli kwa wengi, na maneno ni yale yale. Ukitia wateja 100 mu grupe bila kuwauliza, umewapa wote 100 namba za wenzao. Kati yao anaweza kuwa mwenye kukusanya namba. WhatsApp iko pia na orodha ya kutuma, «liste de diffusion», yenye nafasi ya watu mpaka 256. Kila mutu anapokea ujumbe peke yake, haoni wengine. Na ujumbe unafika tu kwa mutu aliyetunza namba yako mu telefoni yake. Bila kusema neno hilo, ile ni ruhusa: muteja asiyetunza jina lako, ujumbe haumufikii.

Ku imeli, kosa la kila siku ni kuandika anwani zote mu sehemu ya «Cc». Hapo kila mupokeaji anaona anwani za wengine wote. Sehemu ya kutumia ni «Cci», inayozificha. Shule, kanisa, shirika ao butiki, wote wanaweza kuanza na hapo leo, bila franka hata moja.

Mambo mengine nayo hayana bei kubwa. Andika mu kitabu wapi ulipata kila anwani na siku gani. Mwambie muteja mara ngapi utamuandikia. Punguza picha, juu mega ni zake. Tosha anayekuomba umutoshe, siku ile ile. Ukifanya hivyo orodha yako itakuwa ndogo, labda watu 60. Lakini hao 60 wanakungojea, na hakuna mutu anayeweza kukuuzia hilo mu faili.

Kisha, siku muteja atauliza, «Ulitosha wapi imeli yangu?», muchuuzi atakuwa na jibu fupi: «Ni wewe mwenyewe ulinipa, mama, siku ile ulikuja ku duka, na nilikuambia nitaitumia juu ya nini.» Mutumaji asiyeweza kutoa jibu la namna hiyo, mupokeaji asimujibu, na asimutumie pesa.